Mkono wa Mutinda Gizani

Kitengela,
27 Januari 2025

Na bado sijakueleza habari ya mkono, wifi. Jumapili ile tulipokuja kukuona tuliongea juu ya keki, tukaongea juu ya gauni na mvua iliyotaka kutuharibia harusi, halafu kengele ya sala ikalia, ukaondoka, nikabaki na utamu wote mdomoni. Sasa nauandika. Sista Nzilani, mlezi wenu, alisema ninyi manovisi, watawa wanafunzi, hamshiki simu mpaka mwaka uishe. Basi nitakuandikia kama watu wa zamani. Seleyian anawaachia maziwa jikoni huko Kajiado kabla ya kuleta mengine huku sokoni Kitengela, na amekubali kubeba barua zetu. Hata naona ni tamu zaidi hivi.

Kila Jumamosi kaka yako ananipeleka sinema Nairobi. Kila Jumamosi! Wenzangu hapa saluni wanaulizwa na waume zao kama chakula kimeiva, mimi naulizwa, "Nduta, leo tunaona gani?" Tumeshaenda kumbi tatu. Kuna ile ya zamani mjini yenye viti vyekundu, na ukikalia kibaya unasikia chuma. Kuna ya orofa ya juu kwenye duka kubwa, inanukia siagi tangu ngazini, na viti vyake vinalala nyuma mpaka unaona aibu kukalia na viatu vya vumbi la Kitengela. Halafu kuna ile ya filamu za Kihindi, ambako familia nzima zinakuja na nyanya zao na vyakula vyao, na muziki ukianza wanaimba. Huko nililia kuanzia katikati mpaka mwisho, na mama mmoja wa Kihindi nisiyemjua akanipa kitambaa.

Sasa mkono. Tukifika tu mlangoni, kabla hata taa hazijapungua, Mutinda ananishika mkono. Tunafika mapema kuliko watu wote, tunakaa katikati kabisa. Wimbo wa taifa ukipigwa kabla ya filamu, tunasimama kama kila mtu, wengine wamenyoosha mikono ubavuni kama askari, yeye bado ameushika wangu. Filamu ikiisha wote wanakimbilia nje. Sisi tunabaki mpaka majina yote yapite na taa ziwake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Niko na haraka ya kwenda wapi, na wewe uko hapa?"

Wifi, mlimficha wapi mwanaume huyu?

Anaamka kabla ya jogoo kwenda kuwachukua watoto wa shule na lile basi la njano, wiki nzima, na bado Jumamosi ana nguvu ya kunipenda. Tukirudi nyumbani anataka nimsimulie filamu ile ile tuliyoiona pamoja. Anasema kwangu inakuwa tamu kuliko kwenye skrini.

Nakupenda kwa sababu wewe ni wake.

Nduta


Kajiado,
2 Februari 2025

Wifi Nduta,

Barua yako imefika ikinuka maziwa. Nimeisoma mara mbili, ya pili polepole. Sista Nzilani alinikuta nikitabasamu kwenye matuta ya sukuma wiki akaniuliza kama nimeona malaika. Nikamwambia nimeona kaka yangu akiwa na furaha, na hiyo ni nadra zaidi.

Nataka kukuuliza mambo madogo. Nijibu yalivyo, usinipambie.

Mkitoka sinema na giza limeingia, anatembeaje? Yeye ndiye anatangulia au ni wewe? Nyumbani stima ikipotea, anafanya nini? Mtu akimnyooshea mkono wa salamu kutoka upande, anauona?

Siku ya harusi mjomba Kivuva alimnyooshea mkono hivyo, Mutinda akampita kama mlingoti. Mjomba amekasirika mpaka leo. Wakati ule nilidhani ni furaha tu ya bwana harusi.

Usimwambie nimeuliza. Labda ni mawazo ya mtu anayekaa kimya sana.

Wifi yako,
Phylis


Kitengela,
17 Februari 2025

Wifi mpenzi,

Kumbe hata watawa mnapenda habari za mapenzi! Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa namsuka akaniambia nimalize kichwa chake kwanza.

Haya, majibu. Gizani mimi ndiye natangulia. Yeye anakuja nyuma, mkono begani mwangu, kama mlinzi wa mtu mkubwa. Anasema mwanaume akitangulia anaweza kuibiwa mke nyuma yake asijue. Stima ikipotea anakaa pale pale alipo na kuniita, "Njoo tukae, mshumaa wa nini?" Na kweli tunakaa, na tunaongea mambo ambayo hatuongei taa ikiwaka. Juzi alipiga ndoo teke ikamwaga maji yote, tukacheka tukiwa tumelowa. Na mjomba Kivuva asamehe. Siku ile Mutinda alikuwa ananiangalia mimi.

Jumamosi tuliona filamu ya kutisha, ile ya aina ambayo mtu anaingia nyumba isiyo na watu na wewe unajua kabisa hafai kuingia. Ukumbi wote ulikuwa unamshauri. "Usiende huko, dada!" "Rudi!" Msichana mmoja mbele yetu alipiga yowe akajimwagia soda, mpenzi wake akacheka, wakakosana hapo hapo, wakapatana kabla filamu haijaisha. Mimi nilikuwa nimejificha kwapani mwa Mutinda. Yeye hakushtuka hata mara moja. Baadaye aliniuliza, "Yule aliyekuwa amesimama kando ya mlango, alifanya nini?" Nikamwambia, wewe, si ndiye aliyefanya ukumbi wote upige kelele? Akasema alikuwa ananisikiliza mimi moyo ukidunda.

Jambo moja tu si zuri. Bwana Githinji mwenye shule amemfokea mbele ya walimu. Kioo cha pembeni cha basi kimevunjika tena, na ubavu umekwaruzwa. Mutinda anasema ni watu wa bodaboda, wanampita bila adabu. Tangu siku hiyo amenyamaza kidogo. Nampikia muthokoi, yale mahindi yenu yaliyokobolewa, kama alivyonifundisha mama yenu, na bado sijaupata vizuri, na anaula wote.

Wako,
Nduta


Kajiado,
20 Februari 2025

Nduta,

Seleyian amesimama mlangoni ananisubiri, kwa hivyo ni maneno machache. Kesho tunaingia mafungo ya kimya.

Mpeleke Mutinda akapimwe macho. Sema ni wewe umetaka. Sema umeona tangazo, sema lolote. Fanya hivyo kabla ya Jumamosi nyingine ya sinema. Sababu nitakupa tukikutana, si ya kuandika nikiwa nimesimama.

Phylis


Kitengela,
3 Machi 2025

Phylis,

Ulisema nimpeleke akapimwe macho. Macho yake ni mazima. Tena yanaona sana.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kumwambia mama yangu kule Nkoroi, ambaye alisema tangu mwanzo kwamba mwanaume mpole hivi ana jambo. Na wewe nilikupenda.

Jumamosi tulichelewa kidogo, kwa hivyo foleni ya bisi ilikuwa ndefu. Mutinda alinikalisha kwanza, akasema anarudi sasa hivi. Akiwa huko wimbo wa taifa ukaanza. Tukasimama wote. Unajua mtu akikutwa na wimbo mlangoni anasimama hapo hapo alipo mpaka uishe, na hata wale wa kukata tiketi wanasimama. Ulipoisha taa zikazimwa, na ndipo nikamwona anaingia. Mabega yake nayajua hata kwenye giza. Alipanda ngazi polepole akishika viti, kimoja, kingine, kingine. Akasimama safu mbili chini ya yangu. Akakaa.

Nilidhani atacheka na kuinuka. Hakuinuka. Alikuwa amekaa kando ya mwanamke mwenye nywele za rasta. Akamwekea bisi mapajani, Phylis. Halafu akamshika mkono, akauweka kwenye goti lake, vile vile anavyouweka wangu.

Yule mwanamke aliuvuta mkono kama aliyeguswa na nyoka. Mwanaume wa upande wa pili akasimama. Akasema, "Boss, huyu unajua ni wa nani?" Watu wakaanza kucheka, wengine wanasema muvi iko mbele, si hapo. Wakawasha simu kumulika. Nikamwona uso. Hakuwa anamwangalia mwanamke wala mwanaume. Alikuwa anaangalia kando, kwenye ukuta mtupu, kama mtoto aliyevunja sahani. Kisha akaita, polepole tu, "Nduta?"

Sikujibu. Alikuwa amegeuzia uso upande ambao sikuwepo. Nilidhani anaigiza.

Nje nilimuuliza ni nani. Tukapita maduka mengi. Kama angesema amekosea kiti ningemwamini, naapa, ningecheka. Nilimuuliza mara ya tatu. Akasimama chini ya taa ya barabarani akasema, "Ni msichana nilimjua zamani. Anaitwa Judy. Nisamehe."

Bila kutetemeka. Alisema kama mtu anayetua mzigo.

Tangu hapo analala kwenye kochi. Asubuhi anaenda na basi lake, jioni anarudi kabla jua halijazama, anakaa. Hajaribu hata kunibembeleza. Nimefungasha nguo. Saluni imeniomba nimalize wiki ijayo, kuna wateja wa harusi. Jumamosi ya wiki hiyo naenda kwa mama. Sijui kama uliniuliza yale maswali kwa sababu ulikuwa unajua tabia zake. Kama ulijua, ungeniambia tu wazi.

Nduta


Kajiado,
7 Machi 2025

Wifi yangu Nduta,

Kwaresima hatuandiki barua. Nilimwendea Sista Nzilani nikamwambia yote, akaniwekea karatasi mezani, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Hakuna Judy. Nitakuambia kitu kuhusu baba yetu, kisha utajua.

Ulipoingia kwetu uliambiwa Mzee Kyule alikufa na alipenda pombe. Hivyo ndivyo kijiji kizima kinavyosema. Baba alikuwa fundi wa mawe. Nikiwa darasa la nne alianza kujikwaa jioni. Alianguka kwenye mtaro aliouchimba mwenyewe. Alimgonga mzee wa kanisa njiani asimsalimie. Watu wakasema Kyule ameanza kulewa. Walimkemea mbele ya waumini, wakamtoa kwenye kwaya. Baba aliinamisha kichwa, akapokea. Baada ya hapo akaanza kununua kaluvu, ile pombe yetu ya miwa. Hakuinywa. Alikuwa anajipaka kwenye shati kabla ya kurudi nyumbani. Mimi nilimwona, nyuma ya boma, akimimina kiganjani na kujipaka kifuani kama mafuta.

Alikuwa haoni, Nduta. Kwanza gizani. Halafu vitu vya pembeni. Mwisho alibaki na kitundu kidogo katikati, na hicho nacho kikafungwa. Fundi mlevi anaweza kupewa kazi akilevuka. Fundi kipofu hapewi. Alichagua jina ambalo lingemwachia kesho.

Mutinda alikuwa mdogo. Alimwonea haya baba miaka yote, kwa sababu ya ulevi. Ukweli aliambiwa na mwaitu, mama yetu, siku ya mazishi, kaburini. Sijui kama amewahi kuutamka kwa mtu.

Sasa soma barua zako mwenyewe. Mkono anaokushika tangu mlangoni. Kufika mapema. Kungoja taa. Kutaka umsimulie filamu. Mimi nilizisoma nikiwa kwenye matuta ya sukuma, nikamwona baba anatembea kati ya mistari. Nilitumaini nimekosea, ndiyo maana niliuliza kwanza. Alikaa kando ya yule mwanamke kwa sababu hakuwa anaona chochote, na kila alichomfanyia alidhani anakufanyia wewe. Ulipomuuliza, akachagua kama baba. Mwanaume wa nyumba yetu atapokea jina lolote baya mradi si lile.

Ukitaka kumwacha kwa kukudanganya, sitakulaumu. Lakini nakuomba kitu ambacho si cha ndoa. Saa kumi na moja asubuhi bado ni giza. Kile kioo hakikuvunjwa na bodaboda. Usiende Nkoroi kabla hujamteremsha kwenye basi hilo. Mimi siruhusiwi kutoka hapa, na akisikia kutoka kwangu atakana.

Nakuombea, na hilo halitoshi, najua.

Phylis


Kitengela,
16 Machi 2025

Wifi Phylis,

Seleyian alinipa barua yako Jumamosi ya tarehe nane. Niliisomea kwenye ghala la saluni, juu ya magunia ya nywele za kuunganisha. Niliisoma nikakasirika na wewe, na yeye, na marehemu baba yenu ambaye hata sikumwona. Kisha nikakumbuka ile "Nduta?" aliyoniita ukumbini, na mimi nikiwa safu mbili juu yake nimeziba mdomo. Wifi, aliniita.

Sikumwambia neno. Jumapili ikapita. Jumatatu nilivaa mapema, nikamwambia nataka kwenda naye kwenye basi mpaka kituo cha kwanza. Alifurahi. Alidhani tunapatana. Alinifungulia mlango wa mbele, akapapasa kitasa kabla ya kukipata, na pale nilipokuwa nimeona mahaba kwa miezi mitatu, sasa niliona vidole vikitafuta.

Basi lilikuwa tupu. Tulitoka langoni, tukashika ile barabara ya vumbi ya kwenda kwa mtoto wa kwanza. Taa za mbele zinawaka, lakini kando ni weusi mtupu. Aliendesha polepole, uso umekaribia kioo. Nilikuwa nimeomba moyoni kwamba wewe umekosea. Nikasema, "Yule mtoto ametoka mapema leo. Anavuka, umemwona?"

Akakanyaga breki. Akasema, "Nimemwona. Apite."

Hakukuwa na mtoto. Hakukuwa na mtu, wala mbwa. Tulikaa hapo injini ikinguruma, yeye anamngoja mtoto amalize kuvuka. Alingoja vizuri, Phylis. Alimpa muda. Mwishowe akaniuliza, "Amefika ng'ambo?"

Nikamwambia hakuna mtu.

Alizima injini. Aliweka mikono yote miwili kwenye usukani kama mtu aliyekamatwa. Niliogopa atanipiga, na hajawahi hata kuniinulia sauti. Kisha akasema, "Phylis amekuambia." Nikasema ndiyo. Tukalia wote. Sitakudanganya kwamba ilikuwa vizuri. Aliniambia nimemtega kama panya. Nikamwambia na yeye alinifanya niamini kuna Judy, nikalala peke yangu nikimchora Judy ukutani kila siku, meno yake, mavazi yake. Akasema, "Judy ungeweza kunisamehe siku moja." Akasema alitaka kumaliza muhula huu tu, halafu atafute kazi nyingine. Nikamwuliza kila muhula una watoto wangapi wa kuvuka barabara. Akanipa ufunguo wa basi.

Nilimpigia Bwana Githinji mimi mwenyewe. Alikuja na dereva mwingine, na alifoka, na alikuwa na haki ya kufoka. Mutinda alimwambia kwa mdomo wake, "Sioni gizani." Mara ya kwanza kulitamka, nafikiri. Githinji amesema atafikiria kama kuna kazi ya mchana pale shuleni. Hajaahidi.

Alhamisi tulikwenda kwa daktari wa macho Nairobi. Ni ugonjwa ule ule wa baba yenu, unapita kwenye ukoo. Hauna dawa ya kuuondoa. Unaweza kwenda polepole, unaweza kwenda mbio. Nilimuuliza daktari kuhusu watoto tutakaozaa. Alisema huenda, na huenda hapana. Usiniulize nilikuwa nawaza nini tukirudi nyumbani.

Nimefungua ule mfuko wa nguo. Si kwamba nimemaliza hasira. Leo asubuhi nilimkasirikia kwa sababu ya kijiko. Lakini nilimuuliza kwa nini sinema, kati ya mahali pote, kwa nini alinipeleka kwenye giza kila Jumamosi. Akasema skrini ni kubwa na ina mwanga, akiiangalia katikati anaona karibu yote. Akasema pia, "Mle ndani taa zikizimwa, hakuna anayeona. Wote tunapapasa. Mle mimi ni mtu kama wengine, niko na mke wangu." Wifi, bado mimi ni bibi harusi, utanisamehe. Nilimpenda upya palepale, na niliogopa palepale, vyote pamoja.

Sasa kuna jambo analotaka kwako, na ananiambia niliandike vizuri. Anataka umweleze baba alivyokuwa akifanya mambo ya kila siku. Alijuaje kikombe kimejaa chai. Alipangaje mawe mwishoni, alikuwa anayapima kwa kitu gani. Anasema alipoteza miaka yote akimwonea haya, na hakumwangalia mikono. Wewe ulimwangalia.

Seleyian ameniambia Sista Nzilani amekubali tuje Jumapili moja, ingawa ni Kwaresima. Mwambie asante. Tutakuja kabla mwezi huu haujaisha, na tutakuja mchana, jua likiwa juu, ili Mutinda akuone uso.

Wako,
Nduta